Huyu ni wa Miezi Saba

Nilikulia Ngamiani, mjini Tanga, katika nyumba ambamo sentensi moja ilitosha kueleza kila jambo lililonihusu. Nilipokataa kwenda kucheza mpira na wenzangu, bibi yangu mzaa mama alisema, "Mwacheni mume wangu, huyu ni wa miezi saba." Nilipojibanza nyuma ya mlango siku ya Idi, wageni wakiwa wamejaa sebuleni, mama aliwaomba radhi kwa sauti ya chini, "Msimwone hivyo, huyu ni wa miezi saba." Hata matokeo ya darasa la saba yalipotoka na jina langu likawamo miongoni mwa waliochaguliwa, jirani mmoja hakuuliza nimepangiwa shule gani, bali alimuuliza mama, "Ndiye yuleyule wa miezi saba?" Kwa hiyo nilikua nikiamini kwamba ukimya wangu, woga wangu na hata bidii yangu havikuwa vyangu, bali ni deni la miezi miwili ambayo sikuikaa tumboni.

Mwaka jana mpwa wangu, binti wa dada yangu mkubwa, alijifungua mtoto wa kiume akiwa na ujauzito wa wiki 31. Mtoto alikuwa na gramu 1,450, alikaa wodini wiki kadhaa, na leo ana miezi kumi na minne, mzima wa afya. Juzi nilipokwenda Makorora kuwasalimu, mgeni mmoja alimnyanyua ghafla, naye akalia kama wanavyolia watoto wengi wa umri wake wakibebwa na wasiowajua. Mama mmoja aliyekuwa ameketi barazani akasema, "Ndiyo maana, si njiti huyo." Watu wakaitikia kwa vichwa, mazungumzo yakaendelea, lakini mpwa wangu hakuendelea nayo. Aliponisindikiza hadi barabarani aliniuliza, "Mjomba, ni kweli kwamba wakikua wanakuwa na tabia yao ya peke yao?"

Mimi ni mwalimu wa biolojia wa shule ya sekondari, si daktari wala mwanasaikolojia, na sikutaka kumjibu kwa maneno ya kumliwaza tu. Nilimwomba anipe muda nisome. Haya ndiyo niliyoyapata, na ndani yake nimejikuta nikizungumza pia na yule mtoto wa nyuma ya mlango.

Kwanza ni lazima tuelewane kuhusu neno lenyewe. Kitaalamu, mtoto njiti ni yule aliyezaliwa kabla ya kutimia wiki 37 za ujauzito, wakati ujauzito wa kawaida huhesabiwa kuwa wa wiki 40. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 walizaliwa njiti milioni 13.4 duniani kote, yaani takriban mmoja katika kila watoto kumi. Lakini aliyezaliwa wiki ya 36 na aliyezaliwa wiki ya 27 hawakupitia jambo moja, ingawa wote wanaitwa njiti, na ndiyo sababu watafiti huwatenga waliozaliwa kabla ya wiki 32, na zaidi ya hapo wale waliozaliwa kabla ya wiki 28. Hesabu yetu ya miezi huificha tofauti hiyo. Tena imetuachia imani yenye madhara, kwamba mtoto wa miezi saba huishi na wa miezi minane hufa, jambo ambalo si kweli hata kidogo, kwa sababu kila wiki inayoongezeka tumboni humwongezea mtoto nafasi ya kuishi. Nimewahi kuwasikia watu wazima, wenye elimu zao, wakilirudia neno hilo msibani mbele ya mama aliyefiwa, na naomba tuliache.

Sasa nije kwenye tabia. Uchunguzi nilioutafakari kwa muda mrefu zaidi ulifanyika Ujerumani, kusini mwa Bavaria, ambako watafiti, miongoni mwao Dieter Wolke wa Chuo Kikuu cha Warwick nchini Uingereza, waliwafuatilia watoto waliozaliwa mwaka 1985 na 1986 kabla ya wiki 32 au wakiwa na uzito wa chini ya gramu 1,500. Kuwafuatilia watu tangu wakiwa wachanga hadi wawe watu wazima ni kazi ya subira kubwa, na ndiyo inayoupa uchunguzi huo uzito wake. Walipofikia umri wa miaka 26, watu 200 kati yao walilinganishwa na wengine 197 waliozaliwa siku zao zikiwa zimetimia. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba, kwa wastani, waliozaliwa mapema sana walikuwa wapole wa kujitenga kuliko wenzao, wenye wasiwasi zaidi, wazito wa kujiingiza katika mambo ya kubahatisha, na wenye dalili nyingi kidogo za usonji, hali ya ukuaji wa ubongo iitwayo autism kwa Kiingereza, hasa katika kuwasiliana na watu. Watafiti waliona kwamba sifa hizo huelekea kuja pamoja, kama nyuzi za mkeka mmoja, zikamfanya mtu awe wa pembeni katika mikusanyiko.

Kule Kanada, watu waliozaliwa kati ya mwaka 1977 na 1982 wakiwa na uzito wa chini ya gramu 1,000 walipofika ujana wao wa utu uzima walionekana kuwa na haya zaidi na tahadhari zaidi kuliko wenzao. Mwaka 2019 ukachapishwa uchambuzi uliokusanya takwimu za watu wazima wanaofikia milioni 4.4 kutoka tafiti mbalimbali, ukaonyesha kwamba waliozaliwa njiti walikuwa na uwezekano mdogo zaidi wa kuwa na mwenza au kupata watoto. Lakini wale waliokuwa na wenza, mahusiano yao hayakuwa duni kuliko ya watu wengine. Kipande hicho cha mwisho mara nyingi huachwa watu wanaposimulia habari hizi, nami sioni kwa nini kiachwe.

Halafu kuna Helsinki. Watafiti wa Finland waliwachunguza vijana waliozaliwa na uzito wa chini ya gramu 1,500, wakakuta nao ni waangalifu kuliko wenzao, ila picha iliyojitokeza haikuwa ya huzuni. Vijana hao walishika wajibu wao kwa uaminifu zaidi, hawakuwa wepesi wa chuki wala wa kukurupuka, na walikuwa na ukunjufu katika kuhusiana na watu. Nilipofika hapo niliweka simu chini. Kwa miaka yote hiyo, nyumbani kwetu uangalifu wangu ulitajwa kama ugonjwa uliopona nusu, na hapa walikuwapo watu wameupima uangalifu huohuo na kuuandika katika safu ya mambo mema.

Sitaki kujidanganya, wala kumdanganya mpwa wangu. Uhusiano upo. Umeonekana Ujerumani, Kanada, Finland na kwingineko, na unaelekea upande mmoja, upande wa tahadhari na ukimya. Yule mama wa barazani hakubuni kitu kisichokuwapo. Kosa lake, na la bibi yangu kabla yake, lilikuwa kuuchukua wastani wa kundi na kumvisha mtoto mmoja.

Darasani kwangu huwaeleza wanafunzi wastani kwa mfano wa samaki. Chukua ngalawa mbili zilizotia nanga Deep Sea asubuhi, kila moja na fungu lake la changu. Ukipima samaki wote utakuta wastani wa fungu moja umezidi wa jingine kwa gramu kadhaa, na tofauti hiyo ni ya kweli. Lakini nikikuletea changu mmoja nyumbani, ukampima kwa mzani wowote uutakao, huwezi kuapa ametoka ngalawa ipi, kwa kuwa mafungu yote mawili yana wakubwa na wadogo, na sehemu kubwa ya samaki wao wanalingana. Ndivyo zilivyo tafiti hizi. Wapo njiti wengi waliokuwa wasemaji hodari na wapenda watu, na wapo watu wengi wa miezi tisa kamili wanaojibanza nyuma ya milango. Hao wa pili hakuna anayewatafutia sababu.

Kwa nini basi mwelekeo huo utokee? Jibu moja liko kichwani kwa maana halisi ya neno. Miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito ndiyo ubongo hukua kwa kasi kubwa, mikunjo yake ikizidi na njia za mawasiliano kati ya sehemu zake zikijengwa, kiasi kwamba katika wiki ya 34 ubongo huwa na takriban asilimia 65 tu ya uzito utakaokuwa nao siku zikitimia. Mtoto njiti huifanyia kazi hiyo nje, mahali ambapo pana mwanga usiozimwa, kelele za mashine, sindano na mipira ya puani, badala ya giza na sauti ya moyo wa mama. Si ajabu kama mfumo wa fahamu uliojengwa katika hali hiyo utakuwa mwepesi wa kushtuka.

Jibu jingine ni sisi tunaowalea. Watafiti wa Bavaria wenyewe walilitaja: wazazi waliokaribia kumpoteza mtoto huelekea kumlinda kupita kiasi, na mtoto anayelindwa kupita kiasi hupata nafasi chache za kujifunza kwamba dunia inaweza kuingiwa. Hapa siwezi kuandika kama mwalimu wa biolojia peke yake.

Nilizaliwa mwaka 1981. Mama husimulia kwamba nilikuwa na kilo moja na gramu mia tatu, na kwamba hospitali niliyozaliwa haikuwa na mashine ya joto iliyokuwa ikifanya kazi. Tuliruhusiwa kurudi nyumbani baada ya siku chache, kwa maelezo ambayo mama aliyaelewa vizuri, kwamba mtoto huyu akafie kwao. Bibi hakukubali. Alizifunga chupa za maji ya moto kwa vipande vya khanga akazipanga kandoni mwangu, na usiku chupa zilipopoa alinilaza kifuani mwake, ngozi kwa ngozi, akajifunga khanga mbili juu yangu, kisha asubuhi mama akapokea zamu. Maziwa yalikamuliwa kikombeni na kudondoshwa mdomoni kwa kijiko cha chai. Jina sikupewa siku ya saba. Walisubiri arobaini, kwa sababu hakuna aliyetaka kuita jina kisha alizike.

Hadithi hii nimeisikia mara nyingi mno, na kila mara niliisikia kama hadithi kuhusu udhaifu wangu. Mwezi uliopita, baada ya kusoma haya yote, nilimwendea mama, nikamwamkia, nikakaa naye uani akichambua mchele. Nilimuuliza kwa nini hakuniruhusu kuogelea Raskazone na watoto wengine, kwa nini sikuruhusiwa kupanda baiskeli hadi nilipofika darasa la sita, katika mji ambao mtoto wa miaka saba humpakia mdogo wake nyuma. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Baba, watu walidhani naogopa utakuwa mnyonge. Mimi nilikuwa naogopa utakufa. Ile hofu haikunitoka ulipopona, ilinikaa tu."

Basi ni kipi kilichonifanya niwe nilivyo? Ni wiki nane au tisa nilizozikosa, au ni miaka kumi na miwili ya kuambiwa nisikimbie? Katika mtu mmoja mambo hayo hayatenganishiki, na yeyote anayedai kuyatenganisha anabahatisha. Watu hupenda kumtaja mwanasayansi Isaac Newton, aliyezaliwa kabla ya wakati siku ya Krismasi ya mwaka 1642 kwa kalenda iliyotumika Uingereza wakati ule, akaishi maisha ya upweke na kufa bila kuoa. Ni rahisi kusema "ndiyo maana". Lakini Newton alizaliwa baba yake akiwa ameshafariki, na alipokuwa na umri wa miaka mitatu mama yake aliolewa tena akamwacha kwa bibi. Ukiziondoa habari hizo mbili ukabakiza unjiti peke yake, umemsimulia mtu mwingine.

Kuna jambo jingine linalonifanya nisite kuyahamisha matokeo ya Ujerumani na Kanada hadi Tanga bila kuyapima upya. Wale waliochunguzwa walinusurika kwa sababu walizaliwa karibu na wodi zenye mashine, madaktari na umeme usiokatika. Huku kwetu, katika miaka ileile, mtoto wa gramu 900 aliyeishi alikuwa muujiza wa mtaa mzima, na sisi wa kilo moja na ushei tuliopona tulipona vifuani mwa watu. Kizazi cha njiti wengi wa Tanzania wanaofikia utu uzima ndicho kwanza kinakuja. Natamani siku moja wachunguzwe hapahapa, kwa Kiswahili, kwa maswali yanayofahamu kwamba kijana anayekaa kimya mbele ya wakubwa zake hapa pengine amelelewa vizuri tu.

Na kifua, kama ilivyothibitika, ni dawa kweli. Mwaka 1978, mjini Bogotá nchini Kolombia, daktari Edgar Rey Sanabria, kwa kukosa mashine za kutosha, alianza kuwafunga njiti vifuani mwa mama zao, njia ambayo leo hospitali zetu huiita huduma ya kangaroo. Bibi yangu hakuwahi kusikia habari za Bogotá. Mwaka 2021 yakachapishwa matokeo ya uchunguzi uliofanyika katika nchi tano, Tanzania ikiwa mojawapo pamoja na Ghana, Malawi, Nigeria na India, kwa watoto wenye uzito wa kuanzia kilo 1 hadi chini kidogo ya kilo 1.8. Walioanza kubebwa mara tu baada ya kuzaliwa, bila kusubiri hali zao zitulie kwanza, walifariki 12 katika kila 100 ndani ya siku 28, ilhali wale waliosubirishwa walifariki karibu 16.

Linalohusu tabia moja kwa moja lilitoka Bogotá tena. Watoto waliogawanywa katika makundi mawili miaka ya 1990, kundi moja la huduma ya kangaroo na jingine la huduma ya kawaida, walitafutwa tena walipofikia umri wa miaka 20 hivi. Waliobebwa kifuani walikuwa na utulivu zaidi, wenye ukali na ugomvi mdogo zaidi, na hawakuwa watoro wa shule kama wenzao. Na familia zao zilionekana kuwa karibu nao zaidi. Hivyo tabia ya mtoto njiti haikuandikwa yote siku anapotoka tumboni. Sehemu yake iliandikwa katika majuma yaliyofuata, na walioiandika ni watu wenye khanga na maziwa na usingizi uliokatwa. Ndiyo maana nilifurahi Bunge lilipopitisha, mwanzoni mwa mwaka 2025, marekebisho ya sheria za kazi yanayomwongezea likizo mama aliyejifungua njiti, kwa kuwa kifua hakiwezi kuwa kazini na wodini kwa wakati mmoja.

Jumapili nilirudi Makorora na jibu. Nilimweleza mpwa wangu yote haya, pamoja na yale ambayo nilijua hayatamfurahisha, naye alisikiliza mtoto akiwa amelala mapajani. Nilimwambia kwamba huenda mwanawe akawa mtu wa tahadhari, na huenda asiwe. Kwamba akiwa hivyo hatakuwa amepungukiwa. Na kwamba kumlinda na mgeni anayemnyanyua ghafla ni haki ya mtoto yeyote. Nilimwambia pia, kwa kuwa nimeliishi, kwamba hofu aliyotoka nayo wodini itamkaa kama ilivyomkaa bibi yake, na kwamba anaweza kuwa nayo bila kumpa mtoto aibebe.

Alichokitaka zaidi, hata hivyo, kilikuwa cha vitendo, na hapo tulikaa muda mrefu. Umri wa mtoto, mpaka afike miaka miwili, auhesabu tangu siku aliyotarajiwa kuzaliwa, ili miezi hii kumi na minne aisome kuwa kumi na miwili asije akamlinganisha na mtoto wa jirani na kulia bure. Kadi yake ya kliniki, iliyoandikwa wiki 31 na gramu 1,450, aitunze, asiipoteze hata atakapohama. Siku atakapompeleka shule amwambie mwalimu juu ya wiki hizo, kwa sababu ya macho, masikio, na kwa sababu njiti wengi huhitaji kusaidiwa mapema katika hisabati. Juu ya tabia yake asimwambie neno. Mwalimu ataijua kwa kukaa naye.

"Na bibi wa barazani?" akauliza.

Nilimwambia huyo nitazungumza naye mimi, kwa adabu, kwa kuwa ni rafiki wa mama tangu ujana wao, na kwa kuwa yeye ni miongoni mwa wale waliokuja usiku wa mwaka 1981 kuchemsha maji ya kujaza chupa zangu.